Niliahidi gari la bibi harusi mbele ya kamati, na gari lenyewe halikuwa na magurudumu

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kuanzisha uzi. Huu nimeuandika na kuufuta mara nne, nikiwaza mtaniuliza nini. Leo nimeamua uende hivyo hivyo. Yote ni yaliyonitokea. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ilikuwa 2015 hivi, Minnesota. Nilikuwa nimemaliza degree ya mechanical engineering na sina kazi ya degree hiyo. Nilikuwa napanga chumba Hopkins, napakia maboksi kwenye ghala moja kule Savage, maeneo ya viwanda karibu na mto. Nikirudi naandika maombi ya kazi. Nikishayatuma nayasoma upya kutafuta kosa, na nikilipata silali.

Jirani na ghala letu kulikuwa na karakana ya matrela. Hapo ndipo nilipomfahamu Papa Mugisho, fundi wa kuchomelea, Mkongomani wa Bukavu. Tulikuwa tunasali kanisa moja, kwa hiyo nikawa namwomba lifti, na kwenye lifti watu huongea.

Akaniambia kwao alikuwa na pickup yake ya kubebea mizigo, aliyoiunda upya mwenyewe kutoka kwenye chuma chakavu. Vita ilipowafikia, barabara ilizibwa na watu, wakashuka wakaendelea kwa miguu.

"Niliiacha njiani na funguo ndani," alisema.

Nilimwonyesha kwenye simu picha za hot rod. Kwa wasiojua: ni gari la zamani ambalo mtu anaunda upya kienyeji. Analishusha chini, analikata paa liwe fupi, anatia injini kubwa. Huku wazee wa Kizungu wanayapenda kama sisi tunavyopenda mpira, na wengine wanamwaga hela nyingi sana.

Tulipofika Hopkins Papa akazima gari, akatazama picha zote. Kisha akasema, "Hii tunaweza. Chuma ni chuma."

Ndivyo tulivyoanza. Bosi wake alitupa kona moja nyuma ya karakana, tuitumie wikiendi.

Kwa sababu hela hatukuwa nayo, kila kitu kilikuwa cha kuokoteza. Kichwa cha gari, yaani cab, ni cha pickup ya miaka ya hamsini, tulikitoa shambani kwa mzee mmoja aliyekuwa anafugia kuku humo. Chassis ni ya pickup ndogo iliyogongwa ubavuni. Injini ni V8 ya sedan iliyooza mwili lakini moyo mzima. Taa za mbele ni za trekta. Kiti ni cha nyuma cha minivan, kile kirefu cha watu watatu, tukakifunga kwa bolt nne kikiwa na stendi yake ya chuma.

Kumbukeni hiyo stendi.

Rangi hatukupiga. Tulisugua kutu na kupaka mafuta ya linseed, yale ya mbegu za kitani, yakikauka unapata wekundu fulani mzito kama ngozi ya kiatu cha zamani. Nilisoma kurasa sijui ngapi kuhusu muda wa kukauka.

Mimi nilikuwa na daftari la mambo ya kuhofia. Sitanii, lilikuwa na vipengele sitini na tatu. Breki peke yake zilichukua kurasa mbili. Papa alikuwa ananiacha nihesabu, yeye anaendelea kuchomelea, nikimaliza hesabu nakuta kazi imeisha na iko sawa na hesabu yangu. Ilikuwa inaniuma kidogo.

Tulibishana kitu kimoja tu, paa. Mimi nilitaka tulipunguze inchi nne, kwa sababu bila hivyo si hot rod, ni pickup ya kuku.

"Ju ya nini unakata kichwa?" aliniuliza. "Kichwa yake iko muzuri."

"Papa, ndiyo style yenyewe."

"Style. Muntu atakaa ndani na shingo ya nani?"

Nilichora kwenye maboksi, nikapima, nikamwonyesha kwamba hata yeye na urefu wake anaenea. Akakata. Nilichagua mimi, kwa hiyo kilichokuja baadaye ni changu.

Sasa tuje kwenye kamati.

Papa alikuwa na binti, Furaha, muuguzi, aliyekuwa anaolewa kiangazi kile. Harusi zetu huku mnazijua, ukishaitwa kwenye kamati hutoki bila kuacha ahadi. Tulikaa kwenye basement ya kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mama Kerubo, Mkenya, nesi mkuu kazini kwa Furaha, mama ambaye akikutazama unakumbuka kitu ulichosahau kufanya. Alikuwa anazunguka na daftari, kila mtu anasimama na kutaja ahadi yake.

Nilikuwa wa kumi na moja. Watu kumi wote mimi natafuta kiasi ambacho si cha aibu na ambacho ninacho. Hakikuwepo.

"Injinia," akasema Mama Kerubo. Ndivyo walivyoniita, nusu heshima nusu utani. "Wewe unatuwekea nini?"

Nikasimama. Mdomo ukasema wenyewe:

"Gari la bibi harusi. Naleta mimi."

Papa Mugisho akakohoa.

"Gari gani?"

"Tunayojenga na Papa."

"Si ile iko juu ya mawe? Nilipita hapo wiki jana. Haina hata tairi moja."

Basement nzima ikacheka. Mjomba mmoja akasema basi tuandae na kamba ya kuivuta. Nilitaka kukaa na kurudisha maneno yangu, lakini Papa akasimama.

"Andika, mama," alisema. "Mutoto yangu ataenda kanisani ndani ya hii gari."

Mama Kerubo akaandika. Halafu, mbele yetu sote, akachukua simu akafuta oda ya gari la kukodi.

Kwa hiyo tukawa na wiki tisa, na hakuna gari jingine.

Sitawachosha na wiki hizo. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza Jumamosi moja saa sita mchana, ikatoa moshi karakana nzima, na Papa akacheza peke yake katikati ya moshi. Ukaguzi na bamba la namba tulipata. Breki nilizijaribu kwenye uwanja mtupu wa ghala mara arobaini. Papa alihesabu, ndiyo maana najua. Mara ya arobaini na moja alichomoa funguo akaweka mfukoni.

Nilimpima hata Furaha. Nilimkalisha kwenye kiti nikashika futi, kutoka kiti hadi utosini.

"This is weird," alisema, "but okay."

Nikaandika kwenye daftari, nikapiga tiki. Nafasi ilikuwa ya kutosha, na vidole vitatu vya ziada.

Asubuhi ya harusi nikaondoka Savage peke yangu, nikashika barabara kuu ya 169 kuelekea New Hope kwa akina Papa. Wakuu, sijui nielezeje. Malori yalikuwa yananipigia honi. Mzungu mmoja mwenye ndevu alifungua dirisha kwenye taa nyekundu akaniuliza nilinunua wapi. Nikamwambia tumeijenga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamka sentensi hiyo kwa mtu nisiyemjua, na nikairudia peke yangu taa ilipowaka kijani.

Nilipoingia parking ya apartment zao, vigelegele vikaanza kabla sijazima injini. Mama Furaha alikuwa ameshona kava la kiti la kitenge, kijani na njano, ili gauni lisishike mafuta. Akatandika, akasogea nyuma, akatazama, akaanza kulia. Mama Kerubo akalizunguka gari mara moja, mikono kiunoni.

"Sawa," alisema. Kwake hiyo ni hotuba.

Kisha Furaha akatoka.

Alikuwa amependeza, hilo halina mjadala. Na kichwani alikuwa amejengwa. Nywele zimepandishwa juu ghorofa moja, juu ya ghorofa taji, kutoka kwenye taji shela. Mama zake wadogo walikuwa wameamka alfajiri kufanya kazi ile.

Nilijua kabla hajafika mlangoni.

Mimi nilimpima msichana mwenye mabutu yamelala. Vipengele sitini na tatu, wakuu. Moto, mvua, pancha, kereng'ende kuingia kwenye kabureta. Mtoto wa kike aliyekulia katikati ya shangazi wa Bukavu anaolewa, na mimi sikuwaza nywele.

Akaingia. Taji likagonga paa. Akainama, kidevu kifuani, kama mtu anayetafuta hereni sakafuni.

"Dad," alisema kutoka mle ndani, "I can't go to my wedding like this."

Vigelegele vikakatika. Shangazi mmoja akasema afumuliwe, mwingine akasema anayemgusa nywele apite juu ya maiti yake kwanza. Mtu akapendekeza aende na Toyota ya mjomba. Papa alikuwa amesimama na suti yake, anatazama lile paa. Inchi zile nne nilizong'ang'ania zilikuwa bado zimelala kwenye kona ya karakana.

"Injinia," akasema Mama Kerubo, bila ukali. "Kanisani ni saa nne."

Hapa ndipo kawaida yangu ningerudi kwenye daftari. Lakini daftari lilikuwa Savage, na nikakuta niko magotini kwenye lami na suti ya kuazima, natazama chini ya kiti. Stendi. Kiti cha minivan kinakaa juu ya stendi ya inchi saba. Mikanda tulikuwa tumeifunga kwenye sakafu yenyewe, siyo kwenye kiti.

"Papa," nikasema. "Tukitoa miguu."

Alishavua koti. "Clé ya kumi na tano iko wapi?"

"Spana? Nyuma yako."

Bolt tatu zikatoka kama siagi. Ya nne ilikataa. Papa akachomeka bomba la chuma kwenye spana, akalikanyaga na kiatu cha harusi, likalia kwi, ikatoka. Tukafungua vibanio vya stendi, tukakirudisha kiti sakafuni na kukifunga na bolt zilezile, Papa akakitikisa kwa mikono yote miwili hadi gari likayumba. Mama Furaha akatandika kitenge chake upya. Yote hayo sidhani yalifika dakika ishirini, ila mimi si wa kuaminika kwenye hilo.

Furaha akaingia tena. Akakaa, miguu imenyooka mbele kama yuko kwenye bafu. Wote tukatazama juu ya taji.

Vidole viwili.

"It's like a race car," alisema, na akacheka, na vigelegele vikarudi mara mbili.

Papa akakaa katikati, Furaha dirishani aonekane. Mimi ilibidi ninyooke kama askari wa gwaride ili nione barabara vizuri, lakini niliiona. Nyuma yetu msafara wa magari yanapiga honi. Tulipita barabara za ndani, polepole, na watu wa New Hope walisimama kwenye nyasi zao na kutupungia mikono.

Njia nzima mkono wa Papa ulikuwa juu ya dashibodi, umetulia tu pale, kama mtu anayemshika mnyama wake shingoni. Tulipozima injini mbele ya kanisa alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hii siiachi."

Akachomoa funguo, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akamshusha binti yake.

Tulifika dakika sita kabla ya wakati. Kwenye picha zote za harusi, shati langu lina alama ya grisi kifuani, vidole vinne vinahesabika.

Jioni ukumbini Mama Kerubo alisimama kusoma ahadi na waliotimiza, kama ilivyo desturi. Alipofika kwangu akavua miwani.

"Injinia. Gari ya bibi harusi." Akanitafuta kwa macho hadi akanipata karibu na mlango wa jikoni. "Imelipwa yote."

Nimepata vyeti kadhaa maishani. Hakuna kilichosomwa hivyo.

Kazi ya degree nilikuja kuipata mwaka uliofuata, kwa maombi ya kawaida tu, gari halikuhusika. Bado nawaza kupita kiasi. Daftari bado ninalo na kipengele cha sitini na nne ni nywele. Nilichojifunza ni kwamba hofu zangu zote hazikuligundua tatizo, na hazikulitatua pia. Tatizo lilikuja likiwa limevaa taji, na lililosaidia ni kwamba mikono yangu ilishalijua lile gari, kila bolt, kwa sababu ya zile wikiendi zote nilizodhani nafikiri tu.

Pickup ipo. Papa huenda nayo kazini kiangazi. Kiti hajakirudishia miguu.

Haya wakuu, na ninyi mliowahi kusimama kwenye kamati mkaahidi kitu ambacho hakipo, tupeni yenu hapo chini. Na kama kuna anayejua namna ya kuongeza paa inchi mbili bila kuharibu style, nasikiliza. Furaha ana wadogo zake watatu wa kike, bado hawajaolewa.