Bolti ya Plau

Nina shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu magari. Hilo halikunizuia kulala chali chini ya pikapu ya marehemu baba, Jumamosi moja asubuhi, nyumbani kwetu nje kidogo ya Ushirombo, nikiwa nimevaa shati ambalo mke wangu alikuwa amenikataza kulivaa. Nilitoka Kalangalala, Geita, kuja kuiokoa. Ndugu zangu walikuwa wamekwisha kubaliana kwa simu kwamba Jumatatu aje mnunuzi wa chuma chakavu. Niliyebisha ni mimi peke yangu, na kwa kuwa kwetu anayebisha ndiye anayepewa kazi, nikapewa.

Sikubisha kwa ajili ya chuma. Kwa miaka mingi baba alimpeleka mama kanisani kila Jumapili kwa pikapu hiyo, mama akikaa dirishani, mkoba mapajani. Baba alipofariki, binamu yetu wa jirani akashika usukani. Halafu taa nyekundu ya oili ikawaka na kukataa kuzimika, na binamu, mtu mwoga wa mali ya watu, akaiegesha. Mama akajaribu bodaboda mpaka nyonga yake ikagoma. Siku hizi alisikiliza misa redioni na kusema inatosha, kwa sauti ya mtu ambaye haijamtosha.

Fundi niliyemleta alikuwa rika langu. Ujanani alichimba dhahabu. Sasa anatengeneza injini za makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Alitambaa chini ya gari, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akamulika pampu ya oili iliyoganda juu yetu kama kiota cha nyigu.

"Msomi," alisema, "kasoro iko humu. Itoke, tuisafishe. Lakini isipasuke. Ikipasuka, nyingine labda uiombe makumbusho."

Tulitoa bolti tatu. Nilizihesabu mwenyewe na kuzipanga juu ya gazeti, kazi pekee niliyoifanya bila dosari siku hiyo. Pampu haikutikisika. Fundi akaimwagia mafuta ya taa, akasubiri, akaigonga pembeni kwa mpini wa nyundo, taratibu, sikio karibu.

"Kule duarani," alisema, akimaanisha shimo la machimbo, "mwamba haupigwi kwa hasira. Unaubembeleza mpaka ukuonyeshe ufa."

"Na usipokuonyesha?"

"Unabembeleza tena. Wewe hukuoa?"

Nikamwonyesha video kwenye simu: mzee mmoja wa nchi ya baridi akichomoa pampu kama hiyo kwa vidole viwili. Fundi aliitazama hadi mwisho.

"Ya huyu mzee imeoga," akasema, akanirudishia simu.

Saa sita mama alitokeza mlangoni. "Njooni mle."

"Tunamalizia, mama."

Saa saba akatokeza tena. "Ugali unapoa."

"Tunamalizia."

Kwetu mtu aliye kazini halishwi maswali kabla ya chakula. Kumuuliza mwenye njaa kazi yake imefikia wapi ni sawa na kumcheka. Mama hajawahi kuivunja kanuni hiyo, hata kwa wapiga matofali waliokula kwake wiki nzima. Kwa hiyo alirudi jikoni, na sisi tukarudi chini ya gari kumalizia jambo ambalo tulikuwa hatujalianza.

Mara ya tatu sikumjibu vizuri. Jua lilikuwa limeingia mpaka chini ya gari, oili ilikuwa imenifika shingoni, na nilikuwa nikimwona yule mnunuzi wa Jumatatu akipakia vipande. Fundi alipoinama kutafuta kitambaa, nikachukua nondo, nikaichomeka kati ya pampu na injini, nikakandamiza.

Ikalia, kri.

Fundi hakupaza sauti. Alininyang'anya nondo kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akamulika. Alimulika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Umekwaruza tu," alisema hatimaye. "Mungu anawapenda wenye digrii. Twende tukale."

Mama alitunawisha kwa birika. Tulipokwisha kuumega ugali mara mbili tatu na kuuchovya kwenye mlenda, ndipo akauliza.

"Haya, nini kinawakatalia?"

"Pampu, mama," fundi akajibu. "Tumefungua bolti zote tatu, bado imeng'ang'ania."

"Na ile ya plau?"

Tukaacha kutafuna.

"Bolti ya plau," mama alirudia, kama anayewakumbusha watoto chumvi ilipo. "Tundu moja liliisha nyuzi. Baba yenu akalipanua, akatia bolti ya plau la ng'ombe. Mimi ndiye nilimshikia tochi. Iko nyuma, kule juu."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Nimewaita mara tatu. Mara tatu mnamalizia." Akaniongezea mlenda. "Nikadhani mna njia ya kisomi."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Tuliporudi chini ya gari, akakwangua masizi na grisi nyuma ya bomba la chujio, na hapo tukakiona kichwa cha mraba, kizito, cha kishamba, kimejificha kama mtu asiyetaka kutumwa. Hakuna spana yetu iliyokishika. Mama alikwisha kulifikiria hilo pia. Alikuja akichechemea, mkononi ana spana ya plau, kile kipande cha chuma bapa chenye matundu, ambacho tangu ng'ombe wetu waishe alikitumia kama komeo la banda la kuku.

Bolti ilizunguka mara ya kwanza. Pampu ikatoka bila ubishi, ikanidondokea kifuani. Chujio lake lilikuwa limezibwa na nyuzi za pamba. Baba alilima pamba, na hakuona sababu ya kutafuta kitambaa cha kufutia injini.

Wakati wa kurudisha, fundi alipendekeza bolti ya kisasa. Mama, aliyekuwa bado amesimama hapo, alisema ile ile ingefaa. Hakuna aliyebisha, hata mimi. Jioni injini iliwaka, taa nyekundu ikakonyeza mara mbili, ikazimika. Niliwapigia ndugu zangu wamzuie mnunuzi wao, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yote peke yake.

Asubuhi iliyofuata mama alikaa dirishani, mkoba mapajani, binamu usukanini, mimi nyuma penye upepo. Kioo cha nyuma kilikwisha kupotea zamani, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Njia nzima hadi kanisani alilalamika kwamba spana ile haikurudishwa mlangoni mwa banda, na kuku wamemaliza michembe yote ya viazi vitamu aliyoianika.