Thobias na Simba Aliyeitwa Mkurugenzi

Thobias alikuwa mlishaji wa simba katika shirika moja la umma lililokuwa na bustani ndogo ya wanyama kule Makole. Kwa nini shirika la kununua alizeti lilihitaji simba, hakuna aliyekumbuka. Alikuwemo kwenye bajeti, basi akabaki. Wafanyakazi walimwita Mkurugenzi kwa sababu alilala kutwa, akaamka nyama ikifika, kisha akanguruma kidogo ili watu wajue yupo.

Miaka ya tisini mashirika yalipoanza kubinafsishwa, ofisa utumishi, Bwana Yoramu, aliwakusanya watu kantini akawaeleza kwamba shirika limepata mwekezaji, na wao wamepata fursa ya kujiajiri.

"Na simba?" Thobias akauliza.

"Simba hawezi kujiajiri. Atapelekwa kituo cha kuokoa wanyama, upande wa Haneti. Amefungiwa miaka mingi, hatuwezi kumwacha hivihivi."

Thobias, aliyekuwa pale kabla ya simba, alipewa semina, soda na cheti. Mkurugenzi alipewa daktari, lishe maalumu na mpango wa kuzoeshwa maisha mapya polepole. Siku ya kuhama aligoma kuingia kwenye kizimba cha safari mpaka Thobias aliposimama upande wa pili na mbavu za ng'ombe, akimwita. Picha iliyotoka gazetini ilikuwa ya Yoramu.

Nyumbani Nkuhungu, Thobias aliendelea kuvaa kaki zake kila asubuhi na kukaa barazani. Saa nne alisubiri chai. Jioni alishusha pumzi kama mtu aliyetoka kazini. Mkewe, Evodia, alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia, akampandisha lori la mahindi wakaenda Haneti.

Waliyemkuta kituoni ni Daktari Ruthu, mwanamke kijana mwenye mikwaruzo mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia hapa mnapokea waliofungiwa muda mrefu wakasahau kujitafutia. Nimekuletea mwingine."

Ruthu alicheka. Kisha akamtazama Thobias, aliyesimama wima kama yuko kwenye gwaride, akaacha kucheka. Akampa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuficha nyama vichakani, kila siku mahali tofauti na saa tofauti, ili simba ajifunze kutafuta. Thobias aliielewa vizuri. Lakini kila siku miguu ilimpeleka saa nne, chini ya mgunga uleule. Haukupita muda Ruthu akamkuta Mkurugenzi amelala chini ya mgunga, anasubiri nyama. Na nje ya uzio Thobias ameketi, anasubiri chai.

"Mzee Thobias, mgonjwa wangu mmoja anamharibu mwenzake."

"Nimejaribu, daktari. Nikichelewa naona kama nitaandikiwa barua ya onyo."

"Na nani?"

Thobias alifikiri. "Hayupo tena," akasema taratibu, kama mtu aliyepata habari ya msiba.

Ruthu alimtoa kwenye nyama, akamtuma vijijini kununua mbuzi wa kituo. Huko saa yake haikumsaidia kitu. Wafugaji walimsalimu, wakamkalisha, wakazungumza habari za mvua, na mbuzi hawakutajwa hadi jua lilipopinda. Mara mbili alirudi mikono mitupu. Safari iliyofuata alipotea njia, akalala kwa wenyeji, akarudi siku ya pili na mbuzi wanne na kaki zilizojaa matope. Hakuomba radhi. Baadaye aliacha kazi, akaanza biashara yake ya mbuzi.

Mkurugenzi naye alijifunza kutafuta nyama, na siku moja alimkimbiza kanga, ingawa hakumpata. Lakini meno yalikuwa yamekwisha na bado aliwasogelea watu, kwa hiyo hakuachiwa porini. Alizeekea ndani ya uzio mpana, kivulini.

Siku moja Yoramu alifika kituoni na wageni wa warsha kuwaeleza jinsi alivyosimamia mageuzi yale. Akakutana na Thobias langoni, anaswaga mbuzi.

"Siku hizi unafanya kazi wapi?"

"Sifanyi, mzee. Nauza mbuzi."

Yoramu akatikisa kichwa kwa huruma, akamwahidi kumkumbuka nafasi ikitokea. Thobias akamshukuru, akaharakisha, maana mbuzi walikuwa wameshatangulia.