Mafuta ya Sadaka

Imetangazwa rasmi katika mtaa wetu hapa Tabata, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji, kwamba moyo wa kila mkazi sasa unalindwa. Mafuta ya mgando yasipikiwe. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yasirudiwe, yamwagwe. Kaya zikitii, maradhi ya moyo yatabaki historia.

Mwanakombo alitii. Mumewe Shomari, fundi pikipiki wa Manzese, alikuwa ameanguka gereji huku kashika kifua, na daktari akasema mshipa unaolisha moyo umebaki na upenyo wa tundu la sindano. "Mafuta ya kurudia na ya mgando, mzee, ndiyo kaburi lako." Shomari akaitikia inshallah, neno ambalo madaktari wetu hulipokea kama ndiyo.

Basi Mwanakombo, anayeuza bagia mlangoni kwake, akawa anafungua mafuta mapya kila asubuhi. Mume akapewa mihogo ya kuchemsha. Shida ilikuwa kwenye kumwaga. Mtu wa pwani yule, kalelewa kwamba kumwaga chakula ni kukufuru riziki. Kwa hiyo aliyachuja, akayatia kwenye chupa, akampelekea Auleria, mjane wa Kihaya anayekaanga mihogo karibu na msikiti. Sadaka. Auleria naye akamwombea Shomari afya.

Shomari siku hizo alizama kwenye ibada. Alienda kuswali alfajiri, akarudi jua limeshapanda. Mkewe alimshukuru Mungu kwamba maradhi yamemrudisha mtu kwenye dini, mpaka alipomkuta kwenye benchi la Auleria, vidole vinang'aa.

"Baba Najma! Ndiyo uradi huo?"

"Usinipigie kelele, mie mgonjwa wa moyo. Halafu mihogo ya huyu dada ina kitu bwana. Ina ladha ya nyumbani kabisa."

Mwanakombo akaitazama chupa yake pembeni ya jiko.

"Mafuta yako yana baraka, shoga," Auleria akasema. "Wateja wameongezeka."

"Sikuletei tena. Nayamwaga, kama walivyotangaza. Na huyu usimuuzie."

"Utamwaga riziki, Mama Najma? Na huyu nimnyimeje? Mtu mzima, namwamkia shikamoo kila siku. Nimwambie shikamoo, lakini mihogo hupati?"

Shomari akacheka, kisha akashika kifua kidogo, akasema ni gesi.

Jioni ile Mwanakombo aliyamwaga mtaroni huku akiomba toba. Auleria hamudu mafuta mapya ya chupa, hivyo siku hizi anakaangia ya mgando, ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo ya dukani.

Shomari hajakosa alfajiri hata moja. Anasema mihogo imepoteza ile ladha ya nyumbani, ila ikiwa ya moto, na pilipili, inalika.