Saa ya Vifo Ilipohamishwa

Wenyewe wa redio waliita kuboresha vipindi. Kuboresha! Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka ya Morogoro mjini yamejaa sabuni za kila rangi, na redio nayo ikaona isibaki nyuma. Ikamchukua kijana mmoja anayecheka kabla hajasema kitu, ikampa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo tangu nipate akili ilikuwa ya matangazo ya vifo.

Nyumbani kwetu, juu ya Kilakala, njia inapoanza kupanda Uluguru, redio iliwashwa kwa ajili ya kipindi hicho tu. Betri zilishinda juani kwenye ungo zipate nguvu, jioni zikarudishwa ndani, na wote tukanyamaza. Mama alikuwa na dada mmoja tu, aliyeolewa Gairo. Simu hatukuwa nayo. Ndugu akifariki mbali, utajulia wapi kama si redioni? Alisikiliza kila jina mpaka la mwisho, ndipo akashusha pumzi na kuniambia nizime.

Sasa badala ya majina tukapata yule kijana. Anawasalimia wachumba wa watu, anapiga muziki, anaukata katikati ili atusifie dawa ya meno, anacheka tena. Nilimwambia mama vifo vimefutwa. Akanijibu kwamba vifo havifutwi, watu bado wanakufa, tumwache amalize upuuzi wake. Basi tukamsubiri mpuuzi amalize. Betri mpya kabisa ziliisha tukimsubiri, maana mama hakuweza kuamini kwamba kuna redio yenye akili timamu itakayowaacha marehemu kwa ajili ya dawa ya meno.

Kumbe vifo vilihamishiwa saa saba mchana. Na walitangaza mabadiliko hayo, tena wiki nzima, asubuhi, wakati betri zetu zikiwa zimeanikwa nje. Eti wasikilizaji wamejulishwa. Wasikilizaji gani hao?

Habari tulizipata sokoni. Muuza karanga wa kutoka Gairo, aliyemfahamu mama, alimshika mkono akampa pole kwa msiba. Mama akauliza msiba gani. Yule bwana akatazama gunia lake, ndipo akamwambia ni wa dada yake.

Tulifika Gairo dada yake mama akiwa na siku sita kaburini. Wanawake wa upande wa mume walitupa salamu fupi wakaendelea kupepeta mchele. Nilimsikia mmoja akisema kuna watu hata kufiwa hakuwatoi mlimani. Nilitamani kumshika yule mtangazaji sikio, nimkalishe mkekani pale, awachekeshe na hao.

Mama hakujitetea. Alimwomba mume wa marehemu amwambie tangazo lilisemaje. Mzee akalirudia taratibu: jina la marehemu, jina la mama, mtaa wetu, siku ya maziko.

"Tulisema hazikwi mpaka ufike, shemeji," akasema. "Tukamweka mpaka kesho yake, tukamzika jua linazama."

Hapo ndipo mama alipolia. Akanigeukia, mbele ya wote, akaniuliza jioni ile jua linazama sisi tulikuwa tunafanya nini.

Nikamwambia tulikuwa tunasikiliza redio.