Sufuria ya Visu

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa na bucha ya nguruwe, na watu walimwita Maji Moto. Akimaliza kupasua nguruwe mmoja, kisu alikitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka akashika kingine, ili vijidudu vya utumbo wa huyu visihamie kwenye nyama ya yule. Ndivyo tulivyolelewa, uchafu hatuuzi. Lakini mkaa wa kuchemshia kutwa nzima ulikula faida, nyama yake ikawa ghali kidogo kuliko ya jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye alifuta kisu kwa tambara.

"Shemeji, unatuuzia nyama au supu ya visu?" wanawake walimtania, kisha wakavuka barabara.

Nilimsihi apunguze mkaa.

"Dada, usafi hauonekani kwenye mizani," alinijibu, "lakini tumbo linaujua."

Tumbo linajua, mfuko haujui. Bucha ikafungwa, na kwa kuwa mwenye watoto hachagui kazi, akaajiriwa na jirani yule yule.

Nilikwenda kumuunga mkono. Nilimkuta nyuma ya meza isiyo yake, tambara begani, sufuria hakuna. Nikaomba nyama ya kupika nyumbani. Alichungulia kama bosi wake yuko karibu, kisha akainama.

"Dada yangu," alisema taratibu, "leo kanunue maharage."

Nilifunga kikapu changu kitupu, nikamwacha anafuta kisu.