Kinga ya Chuma na Salamu za Zamu

Nilitoka Tabora kwa gari moshi nikiwa na cheti cha sekondari, blanketi moja na miguu isiyotulia. Tiketi yangu ilikuwa ya Dar es Salaam, lakini nilishuka Ruvu kwa sababu tu niliona lori likipakia magunia, na dereva akasema ana nafasi ya mtu mwembamba. Lori lilizungukia Lugoba, likakwama kwenye tope, tukalisukuma, likakwama tena. Nilipofika Bagamoyo hata kope zangu zilikuwa na matope. Nilidhani nitapumzika kidogo kisha niendelee na safari. Badala yake nikapata kazi ya kutunza stoo ya vipuri katika kiwanda cha mkonge upande wa Kerege, nikakaa miaka.

Mashine kubwa ya kiwanda tuliiita korona. Walishaji walisimama pande mbili za meza yake, wakipanga majani ya mkonge juu ya mnyororo unaotembea, nao mnyororo ukayapeleka kwenye magurudumu yenye visu yaliyokwangua nyama ya jani na kubakiza singa nyeupe. Haikusimama asubuhi mpaka jioni, ila ilipokabwa na makapi. Hata zamu zilipobadilishana iliendelea kunguruma.

Msimu mmoja mlishaji mmoja, kijana wa Mbegani, alikatwa vidole vitatu na korona. Meneja akasema ni uzembe. Wenye kiwanda hawakuridhika, wakaleta wahandisi wawili kutoka Dar, wote wanawake.

Mkubwa alikuwa Mwingereza mwenye mvi, mtu wa maneno machache. Mdogo alikuwa Mhindi, binti wa mwenye duka wa Pangani, aliyesomea uhandisi Bombay na kurudi na Kiswahili chake kilekile cha pwani. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Siku walipofika, kiongozi wa akina mama waliopiga singa brashi alimtazama akiwa na suruali na spana mkononi.

"Haya mwenzetu," akasema, "na mumeo atapikiwa na nani?"

"Akipatikana nitamleta kwako, somo, umfundishe kupika."

Akina mama wakacheka mpaka singa zikawaanguka. Tangu hapo walimwita somo.

Wahandisi walitengeneza kinga, wavu wa chuma uliosimama kati ya walishaji na mnyororo, juu kufika usoni, wenye mwanya wa kusukumia majani. Nilitoa bolti zote stoo kwa mkono wangu. Asubuhi ilifungwa, jioni niliikuta imeegemezwa ukutani. Ikafungwa tena, ikafunguliwa tena. Meneja alifurahi.

"Nimewaambia. Watu hawa hawataki kulindwa."

Mhandisi mdogo alivuta debe, akakaa karibu na korona kusubiri zamu zibadilishane. Nilikuwa nimesimama naye. Walishaji wapya walipanda, na kila mmoja akanyoosha mkono juu ya meza kumwamkia mkubwa wake wa upande wa pili. Shikamoo. Marahaba, habari za nyumbani? Mgonjwa ameamkaje? Na salamu ya pwani haikatwi katikati. Mkono wa kulia umeshikwa, macho yako kwa mwenzako, na mkono wa kushoto bado unapanga majani.

"Hapo ndipo vidole vilipokwenda," aliniambia taratibu.

Akamfuata mlishaji mzee kuliko wote. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Kinga mnaitolea nini?"

Mzee alionekana kuona aibu kidogo. "Binti yangu, nimpe mtu mkono kupitia vyuma? Mimi sijamtembelea mfungwa."

Siku iliyofuata wahandisi walimwendea meneja na shauri jipya. Zamu zikibadilishana, mkanda wa injini utavutwa kwa wenzo uende kwenye gurudumu linalozunguka bure, mnyororo usimame. Kinga itakuwa na mlango wa kuifikia mashine, nao utafunguka mnyororo ukiwa umesimama tu. Watu washuke, waamkiane chini, kisha wapande.

"Nisimamishe mashine ili watu waulizane hali za mbuzi?" meneja akasema. Lakini aliwapa mpaka mwisho wa mwezi. Majani yakilala uwanjani bila kukwanguliwa, kinga itang'olewa na wao watarudi Dar.

Siku za mwanzo zilitutisha. Mashine ilipokuwa kimya watu waligundua kwamba wanasikilizana, na salamu zikarefuka. Waliulizana habari za shangazi wa Kilwa. Majani yakarundikana uwanjani, na kiongozi wa wapiga brashi akapiga kelele kutoka kwake, "Wanaume wa korona, mmefungua baraza? Tuwaletee kahawa?"

Mhandisi mdogo hakula vizuri siku zile. Siku moja aliniuliza kama kiwanda kingine kitamtaka.

Mwenzake wa mvi ndiye aliyeona jambo. Makapi yaliyoikaba korona katikati ya kazi yalikuwa yakitupotezea muda mwingi kuliko salamu zote. Akaagiza fundi aingie kwa mlango wa kinga kuyasafisha wakati uleule watu wanapoamkiana. Na yule mzee akawakatiza wenzake: "Habari za shangazi utaniuliza njiani. Hapa niulize uzima wangu tu, alhamdulillahi ninao." Rundo likapungua, halafu uwanja ukawa mtupu. Korona haikukabwa tena ovyo.

Siku ya mwisho ya mwezi meneja alizunguka uwanja wote, mikono mgongoni. Alipofika kwenye kinga aliutikisa mlango wake, akaona haufunguki mnyororo ukitembea. "Ibaki," akasema, akaondoka.

Habari zilivuka mto Wami. Kiwanda kimoja cha kaskazini kikaomba kinga kama ile, nami, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tena, nikaomba kwenda na mzigo. Tuliondoka asubuhi, vyuma vikigongana nyuma ya lori, na nilijua sitarudi. Mhandisi mdogo alikaa katikati yangu na dereva, michoro ya kinga imeviringishwa magotini.

"Huko walishaji hupokezana zamu vipi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi usiwape bolti hata moja mpaka tuwaone wakipokezana," akasema, akamwomba dereva aongeze mwendo.