Mawe Sitini na Moja

Yahdih alikuwa mtu wa ngamia hadi ukame ulipowamaliza ngamia, ndipo akawa mtu wa koleo na brashi. Misimu tisa tumechimba naye mabaki ya kale chini ya genge la Tishiti, jangwani, katika vijiji vya mawe ambavyo wenyewe walivihama miaka elfu tatu iliyopita bila kumuaga mtu.

Msimu huu tulihamia upande wa mashariki. Jioni ya kwanza, chai ikiwa glasi ya pili, mkuu wetu Daktari Vatimetou aliuliza:

"Jamani, kuna kaburi lolote la watu wenu huku? Semeni sasa, nisije nikamfukua bibi wa mtu."

Watu wakacheka. Yahdih akaitazama glasi yake. Kando yake alikaa mzee Limam, mpishi wetu, ambaye pia ni baba mkwe wake. Kwetu mwanamume mwenye adabu hamtaji mwanawe mbele ya baba mkwe. Hambebi, hamwiti, na mtoto akimlilia miguuni hujifanya hamjui. Mtoto akifa, adabu haipungui.

"Hamna," mtu mmoja akajibu kwa niaba ya wote. Alfajiri Yahdih akaondoka, zamu yake ya kufuata maji, siku nne.

Aliporudi tulikuwa tumeokota mawe yote ya kusagia yaliyolala juu ya mchanga. Sitini na moja, yamepangwa mstari mmoja mbele ya hema, kila moja na namba ya wino mweupe. Namba ni kazi yangu.

Akanivuta nyuma ya gari.

"Moja ni langu."

"Lako vipi? Hayo ni ya watu wa kale."

"Nililiokota hapahapa, nikamwekea kichwani. Mwaka ule wa ukame. Alikuwa na miaka miwili." Jina hakulitaja. "Nilimlaza ndani ya ukuta wa zamani, lakini kuta zote ni duara, na mchanga umehama. Alama ilikuwa lile jiwe tu."

Daftari langu lilijua kila jiwe limetoka wapi. Kilichobaki ni yeye kulijua jiwe.

Tulipomweleza, Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililomvunja Yahdih zaidi. "Kaka, nionyeshe tu. Mahali pake hapataguswa, wala pembeni yake. Ila siwezi kuacha kote, kibali kinakwisha mwezi huu."

Yahdih akaupita mstari wa mawe mara tatu. Wachimbaji, wasiojua kitu, walikuwa kivulini.

"Yahdih anachagua mke!"

"Chukua lenye kiuno, mzee! Hilo la mwisho limeshazaa!"

Tukapanda juu ya genge kutafuta mtandao, maana simu ilikuwa yangu. Mkewe, Tutu, yuko mjini Nuakshoti kwa dada yake.

"Lile jiwe lilikuwaje?"

"Wewe ndiye uliyelibeba."

"Nimesahau."

"Sasa mimi siku ile nilikuwa natazama jiwe?" Tutu akauliza. "Lilikuwa zito. Ulilitua mara mbili njiani. Baba anajua?"

"Yuko jikoni."

"Usimwambie."

Basi akashuka, akaanza kuyanyanyua, moja baada ya jingine, akitafuta uzito. Lakini wakati ule alikuwa na miaka thelathini, na sasa ana hamsini na mbili. Yote yalikuwa mazito. Alipofika la kumi na tano, mzee Limam akatoka jikoni, ambako husikika hata mtu akikohoa hemani, akamnyooshea glasi.

"Mkwe, unatoka jasho. Kunywa."

Yahdih akainamisha kichwa, akanywa. Adabu haikuwaruhusu zaidi ya hapo.

Karibu na adhuhuri aliweka mkono juu ya namba thelathini na nane.

"Hili."

"Una hakika?" Daktari akauliza.

"Hili," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa.

Jumamosi tukapaacha mahali pa jiwe hilo, tukaanza kufungua kwingine kote, mraba kwa mraba. Kila mraba mpya Yahdih aliomba aanze yeye, peke yake, kwa brashi, koleo lisitangulie. Kila kitu cheupe kilipochungulia mchangani aliacha kupumua, hadi kitokee kuwa mfupa wa swala au ganda la yai la mbuni. Miraba iliyobaki ni arobaini.

Daktari ameniambia niandike kwenye ripoti kwamba hajapata kuona mchimbaji mwangalifu kiasi hiki. Nimeandika.